Bungua Yuko Ndani ya Bua: Ni Lini Dawa Humfikia Mdudu wa Mpunga?

Katika mbuga za Igunga na Nzega, mkoani Tabora, mpunga hulimwa kwa sehemu kubwa kwenye majaruba yanayotegemea mvua, na mvua zenyewe huanza Novemba na kukoma Aprili au mapema Mei. Mpunga uliopandikizwa Januari huwa umeshika vizuri ifikapo Februari, umeanza kutoa machipukizi, na ndipo mkulima anapoona jambo linalomtia wasiwasi: katikati ya shina la kijani pamesimama jani moja changa lililokauka. Ukilishika na kulivuta linatoka bila ubishi, na ncha yake ya chini imetafunwa na kuoza. Akishaona machipukizi kadhaa ya namna hiyo, huenda duka la pembejeo akauliza dawa iliyo kali, na jioni hiyohiyo bomba huwa mgongoni. Mara nyingi fedha hiyo huwa imekwenda bure, na sababu yake si ubovu wa dawa wala uzembe wa mkulima, bali ni maisha ya mdudu mwenyewe.

Jani hilo ni kazi ya bungua wa shina, ambaye wengi humwita funza tu. Katika Afrika Mashariki wako bungua wa aina kadhaa kwenye mpunga. Yuko Chilo partellus, aliyetoka Asia na ambaye pia hushambulia mahindi na mtama. Yuko Sesamia calamistis, mwenye rangi ya waridi. Na yuko Maliarpha separatella, bungua mweupe wa Kiafrika, ambaye habari zake zitakuja baadaye kidogo. Wote huanza kwa njia inayofanana. Nondo jike hutaga mayai juu ya jani au, kwa Sesamia, nyuma ya kikonyo cha jani, mayai huanguliwa baada ya wiki moja hivi, na kiwavi mdogo kuliko punje ya mchele hutambaa juu ya jani kwa muda mfupi tu kabla ya kujipenyeza nyuma ya kikonyo cha jani na kutoboa bua. Akishaingia, hula akiwa humo kwa wiki tatu, nne au zaidi, akikata njia ya maji na chakula kwenda kwenye jani changa la katikati.

Viuadudu vingi vinavyouzwa kwa bei nafuu, hasa vile vya kundi la pairethroidi kama saipamethrini na lambda-saihalothrini, huua kwa kumgusa mdudu au kwa mdudu kula jani lenye dawa. Havipenyi bua. Muda ambao dawa hizo zinaweza kumdhuru bungua ni siku chache kati ya kuanguliwa kwake na kuingia ndani, na jani lililokauka huonekana siku kadhaa baada ya mlango huo kufungwa. Kwa maneno mengine, ishara inayomtuma mkulima dukani ni ishara kwamba amechelewa. Anayetaka kumwahi bungua kwa dawa ya kugusa hana budi kuangalia mayai na nondo, si majani makavu: mayai ya Chilo hupangwa kwa safu zinazolaliana kama magamba ya samaki, na yale ya Maliarpha hugandishwa kwenye jani kwa gundi inayolifanya likunjamane.

Zipo dawa zinazoingia ndani ya mmea. Nionikotinoidi, kama imidaklopridi, hufyonzwa na kupanda na utomvu, lakini nguvu yake kubwa iko kwa wadudu wafyonzaji na si kwa viwavi wa nondo. Klorantraniliproli, ambayo ni mpya zaidi, huua viwavi vizuri na huweza kupenya jani, ila bei yake ni ya juu, na bado hufanya kazi vizuri zaidi kiwavi anapokuwa mdogo. Zipo pia dawa za punje zinazomwagwa majini ili mizizi izifyonze. Hizo huhitaji maji yatulie ndani ya jaruba kwa siku kadhaa, na katika mbuga za Tabora, ambako mvua moja kubwa inaweza kubomoa kingo usiku mmoja, dawa hiyo huishia kwenye jaruba la jirani au kwenye lambo ambalo ng'ombe hunywa.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani halielezwi vya kutosha kwa mkulima, nalo ni kwamba mpunga hujifidia. Shina moja lililopandikizwa kwa nafasi nzuri huweza kutoa machipukizi kumi na tano au zaidi, na si yote yatabeba suke. Chipukizi moja likifa mapema, chakula chake huenda kwa mengine, na mara nyingi mavuno hayapungui kwa kiasi kinachoweza kupimwa. Ndiyo maana miongozo mingi ya mpunga huweka kiwango cha takriban asilimia 10 ya machipukizi yaliyokufa katika hatua ya kuchipua kabla ya kufikiria dawa. Kuhesabu si kazi ngumu. Mkulima hupita kwa mshazari kutoka kona moja ya jaruba hadi nyingine, akasimama kwenye mashina ishirini bila kuchagua mabaya wala mazuri, akahesabu machipukizi yote na yale yaliyokufa. Tuseme amepata machipukizi 240, na 14 kati yake yamekufa: hiyo haifiki asilimia 6, na fedha yake na ibaki mfukoni. Yakiwa 30 imefika asilimia 12 na nusu, na hapo ana sababu ya kumwita afisa ugani na kutafuta kama kizazi kipya cha mayai kiko kwenye majani.

Hali hubadilika mpunga unapotoa masuke. Bungua akikata bua wakati huo, suke zima hutoka jeupe, likasimama wima kwa sababu halina uzito, na halina punje hata moja. Hapa mpunga hauna tena muda wa kujifidia. Lakini hapa pia dawa haina la kuokoa, kwa kuwa suke jeupe haligeuki kuwa la kijani. Nimewasikia watu wakisema kwamba walipiga dawa masuke meupe "yakaacha kuongezeka". Yangeacha kuongezeka bila dawa pia, kwa sababu mpunga wote ulikuwa umeshamaliza kutoa masuke.

Sasa huyo Maliarpha. Yeye mara nyingi haui jani la katikati wala haachi suke jeupe. Hukaa chini, kwenye vifundo vya mwanzo vya bua, akala ukuta wa ndani polepole, na mmea huonekana mzima hadi mavuno. Kinachopungua ni uzito: masuke madogo, punje chache zilizojaa, mabua yanayolala kwa upepo mdogo. Mkulima hulaumu mvua au mbegu. Njia ya kumjua ni kupasua mabua kwa kisu wakati wa kuvuna na kuangalia ndani, jambo linalochukua dakika chache na ambalo, kwa maoni yangu, lina faida kuliko chupa nzima ya dawa iliyonunuliwa kwa kubahatisha.

Wadudu wengine wa majaruba hawana ujanja huu, na baadhi yao hawahitaji dawa kabisa. Nzi mwenye macho yaliyokaa kwenye ncha za vijiti, Diopsis, huonekana kwa makundi mahali penye kivuli na maji, na funza wake huua machipukizi ya mwanzo, lakini kwa kuwa hushambulia mapema mpunga hufidia karibu yote. Kiwavi anayekata vipande vya jani na kujitengenezea kifuko kinachoelea juu ya maji hupumua kwa kutegemea maji hayo. Jaruba likikaushwa kwa siku mbili au tatu hufa bila shilingi moja kutumika. Katika skimu kama ile ya Mwamapuli wilayani Igunga, ambako maji hufunguliwa na kufungwa, hilo ni jambo la makubaliano kati ya wakulima wa mfereji mmoja. Kwenye majaruba ya mvua ni la kufikiriwa zaidi, maana maji yakitolewa huenda yasirudi.

Viwavijeshi ni kinyume cha bungua kwa kila hali. Hao wako juu ya majani, wako wengi, na wanaweza kumaliza jaruba kwa siku chache, wakianzia kwenye nyasi za malisho na kuingia kwenye mpunga, mtama na mahindi. Hapa dawa ya kugusa hufanya kazi hasa, ilimradi ipigwe viwavi wakiwa wadogo, asubuhi au jioni wanapokuwa wamepanda juu. Kiwavi aliyefikia urefu wa sentimita tatu ameshakula sehemu kubwa ya alichokuja kula, na anakaribia kuingia ardhini kuwa bundo, hatua ya kabla ya kuwa nondo. Kumpiga dawa wakati huo ni kumwadhibu tu.

Mdudu anayeleta mkanganyiko mkubwa zaidi ni mbawakawa mdogo mweusi mwenye miiba mgongoni, Trichispa, ambaye hukwangua majani na kuacha michirizi myeupe. Madhara ya kukwangua si makubwa sana kwa mpunga uliokomaa kiasi. Tatizo ni kwamba yeye na mbawakawa wenzake hubeba kirusi cha ugonjwa ambao wakulima wa Tanzania huuita kimyanga: majani hugeuka manjano yenye madoadoa, shina hudumaa, masuke hutoka nusu na punje hazijazi. Kirusi hiki kilionekana kwa mara ya kwanza nchini Kenya, karibu na Kisumu, mwaka 1966, na kiko Afrika na visiwa vyake tu. Hakuna kiuadudu kinachoponya mmea uliokwisha kupata kirusi. Kuua mbawakawa hupunguza uenezaji kwa sehemu tu, kwa kuwa kimyanga huenezwa pia na utomvu unaobebwa na mikono, mundu, panya na ng'ombe wanaopita na kula mpunga. Kuna desturi ya kukata ncha za miche kabla ya kupandikiza, na desturi hiyo ina mantiki, maana huondoa mayai ya bungua na mabuu ya Trichispa yaliyomo ndani ya jani. Lakini mundu uliopita kwenye mche mgonjwa hubeba utomvu hadi kwenye mche mzima. Anayekata ncha na akae macho kuhusu manjano kitaluni, na mche wenye dalili ung'olewe na kufukiwa kabla ya mundu kuanza kazi. Mbegu, kwa bahati nzuri, haibebi kirusi hiki kwenda msimu unaofuata.

Mkoa wa Tabora una hatari yake ya pekee, nayo ni kwamba mpunga si zao pekee linalopigiwa dawa. Igunga na Nzega hulima pamba, na Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui hulima tumbaku. Chupa iliyobaki kwenye pamba haitupwi. Huingia kwenye jaruba. Dawa za pamba kwa kawaida ni pairethroidi, au mchanganyiko wake na oganofosfeti kama profenofosi, na zikimwagwa juu ya maji ya jaruba huua karibu kila kiumbe kilicho juu ya maji na kilicho ndani yake: buibui, kereng'ende, mende wa majini, nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mayai ya bungua, pamoja na kambale na vyura. Hao ndio waliokuwa wakizuia wadudu wafyonzaji wasiongezeke. Wafyonzaji hutaga mayai ndani ya vikonyo vya majani, mahali ambapo dawa haifiki, kwa hiyo siku kumi baadaye mayai huanguliwa katika jaruba lisilo na adui hata mmoja.

Nchi iliyojifunza jambo hili kwa gharama kubwa ni Indonesia. Serikali yake ilitoa ruzuku kubwa ya viuadudu katika miaka ya 1970 na ya mapema ya 1980, na kadiri wakulima walivyonyunyizia ndivyo mdudu mfyonzaji wa kahawia, Nilaparvata lugens, alivyozidi kulipuka. Wataalamu walipoonyesha kwamba dawa zilikuwa zikiua buibui na wadudu wengine wanaomla, Rais Suharto alitoa amri mwaka 1986 iliyopiga marufuku michanganyiko 57 ya viuadudu kwenye mpunga, ruzuku ikaondolewa hatua kwa hatua hadi 1989, na mashamba darasa yakaanzishwa ili wakulima wajifunze kuhesabu wadudu wenyewe. Mavuno ya mpunga hayakuporomoka kama wengi walivyohofia. Nchini Vietnam, katika miaka ya 1990, wakulima wa delta ya Mekong waliombwa wajaribu jambo moja tu: wasipige kiuadudu chochote kwa siku 40 za mwanzo. Waliojaribu waliona mavuno yaleyale, na idadi ya upigaji dawa katika maeneo ya kampeni ikashuka kwa takriban nusu. Mfyonzaji yule wa Asia si mdudu wa Igunga, ila kanuni ya buibui na mfyonzaji haina mipaka ya nchi.

Ikiwa hesabu imefanyika na dawa inahitajika, basi kinachofuata ni kuchagua. Majina ya biashara hayasaidii, kwa kuwa chupa tatu zenye picha tofauti zinaweza kuwa na kiambato kilekile. Cha kusoma ni jina la kiambato amilifu (kemikali yenyewe inayoua mdudu) kwa herufi ndogo na, pale lilipoandikwa, namba ya kundi: 1B ni oganofosfeti, 3A ni pairethroidi, 4A ni nionikotinoidi, 28 ni kundi la klorantraniliproli. Anayebadili chupa bila kubadili kundi anaendelea kuwachuja wadudu waleule, na wanaobaki ni wale wasiodhurika. Lebo pia inapaswa kutaja mpunga. Usajili wa viuatilifu uko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, na dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa na kuuzwa mnadani haina lebo, haina usajili, na haina namna ya kujua ni nini. Utepe wa rangi ulio chini ya lebo, kuanzia nyekundu kwa sumu kali zaidi hadi njano, buluu na kijani, unahusu hatari kwa mtu. Hausemi lolote kuhusu samaki wala nyuki.

Makosa mengi ya kipimo hutokana na kifuniko. Mtu huambiwa "vifuniko viwili kwa bomba", wakati vifuniko vya chupa havilingani, na mabomba mengine ni ya lita 16 na mengine ya lita 20. Njia ya uhakika ni kupima mwendo wako mwenyewe kwa maji matupu. Pima eneo la mita 10 kwa 10, jaza bomba hadi alama, nyunyizia eneo hilo kwa mwendo wa kawaida, kisha angalia ni maji kiasi gani yamepungua. Ekari moja ni kama maeneo 40 ya namna hiyo. Ikiwa yamepungua lita 4, ekari itahitaji lita 160, yaani mabomba 10 ya lita 16. Na kama lebo inasema mililita 200 kwa ekari, kila bomba linapata mililita 20, zilizopimwa kwa kikombe chenye alama. Mtu mwingine anayetembea haraka atapata hesabu tofauti kwa bomba hilohilo. Nozeli iwe ile inayotoa ukungu wa duara, si ile bapa ya dawa ya magugu, na bomba lililobeba dawa ya magugu lioshwe kwa sabuni mara kadhaa, au litengwe kabisa, kwa kuwa mabaki kidogo tu huunguza mpunga.

Kunyunyizia jioni, upepo ukiwa umetulia, kuna faida mbili. Dawa haikauki kabla ya kufika, na nyuki huwa wamerudi mizingani. Mpunga hauhitaji nyuki ili uzae, lakini maua yake yakifunguka asubuhi nyuki hufuata chavua, na katika mkoa unaojulikana kwa asali hilo si jambo dogo: aliye na mizinga karibu na jaruba anastahili kuambiwa siku moja kabla. Maji ya jaruba lililopigwa dawa yasifunguliwe kuelekea lambo, na samaki wake wasiliwe.

Ndani ya jaruba mtu hutembea peku na suruali ikiwa imekunjwa, na dawa huingia mwilini kwa njia ya ngozi kuliko kwa pua. Mabuti ya mpira, glovu, ovaroli na kitu cha kufunika mdomo ni gharama ya dawa, si nyongeza. Mtu aliyepatwa na oganofosfeti hutokwa jasho na mate, mboni za macho husinyaa, na misuli hutetemeka. Avuliwe nguo, aoshwe kwa maji mengi na sabuni, apelekwe hospitali pamoja na lebo ya dawa, kwa sababu daktari anahitaji jina la kiambato ili achague tiba. Maziwa hayaondoi sumu hiyo, na kumlazimisha mtu atapike kunaweza kumwongezea madhara. Chupa tupu isuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yakirudi ndani ya bomba, kisha itobolewe ili isiishie kuwa chupa ya mafuta ya taa au ya maji.

Bungua, wakati huo wote, ana mpango wake wa mwaka. Maliarpha hupitisha kiangazi akiwa amelala ndani ya mabua yaliyobaki shambani baada ya mavuno ya Mei na Juni, akisubiri mvua za Novemba. Mabua yakikatwa chini kabisa wakati wa kuvuna, ng'ombe wakiachiwa majaruba, na masalia yakigeuzwa kwa jembe la kukokotwa udongo ukiwa bado na unyevu, wengi wao hufa kwa jua, kwa kwato au kwa kufukiwa. Kazi hiyo hufaa zaidi majirani wakiifanya pamoja na wakipandikiza kwa wakati unaokaribiana, kwa sababu nondo huruka. Yurea nayo igawanywe mara mbili au tatu badala ya kumwagwa yote kwa pamoja, kwani mpunga wenye majani laini na mengi kupita kiasi ndio ambao nondo jike hupenda kuutagia.